Moshi wa Samaki Ndani ya Kompyuta

Mujukulu wangu Mwape,

Huku Kashikishi tuko wazima, na shangazi yako amejifungua mutoto wa kike. Unauliza kama utupe kompyuta uliyojiundia, sababu inazimika kila saa. Ngoja kwanza.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, yaya yangu Kalaba, ndugu yangu mukubwa, aliunda yake kwa vipande vya kuokoteza. Ilizimika vilevile. Akabadilisha memori, akabadilisha nyaya, wapi. Siku ya kuchapa programu ya harusi ya binti wa pasta, ikazimika mara tatu. Akataka kuitupa mu ziwa.

Mimi nilikuwa mukausha samaki tu. Nikamwambia aifungue. Nikapitisha kidole kwenye feni, nikanusa.

"Yaya, haya ni mafuta ya moshi, kama ya mu chanja zangu."

Dirisha lake lilitazama pale tulipobanika samaki. Mafuta yalikuwa yameshika vumbi, feni ikakwama, mashine ikawa inazidiwa na joto. Tukaisugua kwa mswaki, tukahamisha meza. Programu zote za harusi zikatoka bila kuzimika hata mara moja.

"Sasa fundi ni nani?" nikamuuliza.

"Ni wewe, mudogo wangu."

Kwa hiyo ifungue, uinuse.

Nkambo wako, fundi