Hii Meli Ina Harusi ya Nani?

Kisarawe, Pwani
9 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Firdausi,

Assalaam aleikum warahmatullah. Marahaba, maana najua ukiifungua tu hii utaniamkia kabla hujasoma. Hujambo na hilo joto la Dubai? Mafua yale yameisha? Kazi ofisini zinakwenda? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Mihogo imekubali, na mama yako mdogo Hajira mgongo umemwachia kidogo, siku hizi anainama na kuinuka bila kumlaumu mtu.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu inasomwa na nyumba nzima. Ujumbe ukiingia, mwenye macho mazuri ndiye anayeusoma, tena kwa sauti. Barua hii nampa Latifu, jirani yetu anayerudi huko kazini. Nimemwambia akukabidhi mkononi.

Bibi yako nilimpeleka kliniki ya macho, hospitali ya Tumbi. Daktari kasema kusafiri anaweza. Basi furaha yake usiiulize! Tangu useme utatupandisha mimi na yeye meli ya kitalii mwezi wa kwanza, anaaga majirani kama anayekwenda Hija. Mungu akuzidishie kwa moyo huo.

Sasa mwanangu, kuna jambo linaninyima usingizi.

Ni ule ujumbe wa nguo. Umesema mchana kila mtu anavaa apendavyo, lakini kuna jioni za rasmi. Jioni moja wanaume suti na tai, wanawake magauni marefu. Jioni nyingine watu wote nyeupe. Kisha suti tena, na nahodha mwenyewe anakuja kuwapa wageni mkono. Asiyevaa hivyo anazuiwa mlango wa ukumbi, akale kule juu pamoja na wenye kaptula.

Nikakuuliza, wanavaa hivyo kuna nini? Ukasema, "Hakuna kitu baba mdogo, wanakula tu." Wanakula tu! Mimi nina kanzu yangu ya Ijumaa, naipiga pasi, najipaka mafuta, lakini najua naitwa na nani. Mtu hafungi tai shingoni kwenda kula wali. Nikasema basi nije na kanzu na koti. Ukanijibu kanzu inaruhusiwa, ila suti itapendeza zaidi kwenye picha. Picha za nini, Firdausi?

Kutoka Tumbi tulipitia Maili Moja nikapimwe hiyo suti kwa fundi Rahabu, yule mama wa kutoka Mwanza anayeshona sare za kamati za harusi. Nikampa simu aone zile picha za meli ulizotuma. Akazitazama huku tepu ya kupimia inaning'inia shingoni, akacheka peke yake.

"Mzee Pazi, hii kazi ndiyo inayonilisha. Nguo ndefu ya kwanza, hiyo ni kuagwa kwa binti. Nyeupe, hiyo ni ndoa. Nguo ndefu ya pili, ukumbini. Sasa niambie, bibi harusi nani?"

Bibi yako akadakia kutoka kwenye benchi. "Mimi! Mbona mnaulizana wenyewe?"

"Haya bibi, simama nikupime shela."

"Usinibane kiunoni, nitakula."

Wakacheka wote, hata mteja aliyekuja kupunguza suruali. Mimi sikucheka. Rahabu akaikuza picha ya yule mwenye kofia nyeupe na mistari ya dhahabu mabegani. Akasema, "Na huyu ndiye anayefungisha. Nahodha akiwa baharini anaozesha watu, nimeona kwenye televisheni."

Mwanangu, nikamnyang'anya simu pale pale dukani.

Tuliporudi nikaenda kwa ustadhi Yahya. Nilimzungukia, nikajifanya namuulizia mtu mwingine. Kwamba, je, msichana anaweza kuozwa melini na nahodha, na walii wake, mwenye haki ya kumwoza, yupo hai, tena amekaa hapo hapo mezani? Akanitazama sana. "Walii akiwa hai na ana akili zake, hapitwi." Halafu akaniuliza, "Huyo mtu mwingine ana binti nje?" Nikaaga.

Usiku wa kuamkia leo nikawa napanga moja moja. Umemwagiza bibi aje na udi na liwa. Udi sawa, nyumba hufukizwa. Liwa ya nini? Huku kwetu anapakwa mwali anayekwenda kwa mume. Na ile siku tulipozungumza, nyuma yako ilisikika sauti ya kiume, "Firdausi, chai yako inapoa." Nikauliza nani huyo, ukasema redio. Redio gani inayojua jina lako?

Tena kumwalika bibi naelewa, kila mjukuu angependa. Lakini mimi? Mtu wa mihogo na duka la mkaa, umenitaka na suti yangu, ukaniuliza mara mbili kama kweli nitafika. Mgeni wa kula tu haulizwi hivyo.

Usidhani nina hasira. Nina woga, na nakwambia wewe kwa kuwa hata Hajira sijamwambia. Marehemu baba yako, kaka yangu Bilali, alinishika mkono pale wodini, pumzi zimebaki kidogo. Mengi hakuweza. Alisema, "Firdausi umwoze wewe." Nikaitikia. Maneno hayo hayajanitoka.

Sasa naogopa nitakaa kwenye kiti cha ukumbini na tai yangu, muziki upigwe, nikuone unaingia na mtu nisiyemjua, na yule mwenye kofia aanze kusoma. Nitafanya nini katikati ya bahari? Nikisimama kukatisha, nimekuaibisha mbele ya watu. Nikikaa kimya, nimemsaliti baba yako. Wala hakuna mahali pa kutokea nikalie nje.

Kama yupo mtu, niambie. Sitauliza ana gari gani wala kwao ni wapi. Nitauliza kama anaswali, na kama anakusikiliza ukiongea. Ikiwa si wa dini yetu, hilo nalo niambie mapema, tuzungumze kama wazazi na mtoto, nisije nikalisikia kwa nahodha. Mpe simu anisalimie. Akisema shikamoo kwa taabu nitamsaidia kuimalizia.

Na kama hayupo, ni watu tu wanaopenda kujipamba wakila, basi unisamehe baba yako mdogo, na unicheke ukipenda. Nitakuja na nitakula.

Suti imeshashonwa, ya kijivu, imenikaa vizuri mabegani. Melini nitaivaa, hilo usitie shaka. Ninachotaka kujua kabla ya mwezi wa kwanza ni kama naivaa kama mgeni au kama baba.

Mama yako mdogo Hajira anakusalimu sana, na ustadhi Yahya pia, naye tangu siku ile ananitazama kwa huruma. Bibi yako anakubusu. Haya niliyoandika hayajui, ingawa jana kaniuliza kama kwenye meli wanaruhusu kupiga vigelegele. Nikamuuliza vya nini. Akasema, "Vya kula tu."

Mungu akulinde utokapo na urudipo, akupe la kheri na akuondolee lenye kujificha.

Ni mimi nikupendaye, niliyeshika nafasi ya baba yako,

Pazi