Hodi Kila Mstari

Dada yangu Mwamvua,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Kila nikikupigia Salumu analia, tunaishia kuongelea homa na meno yake. Leo amelala, na nguo zitaningoja kwenye beseni.

Unakumbuka kile kitabu kimoja tulichotumia sote kule Kwihara? Ulikuwa darasa la mbele yangu, ukanirithisha na maneno yako ya kalamu ya risasi pembeni. "Hapa soma polepole." "Hapa mwalimu anapenda kuuliza." Penye picha ya fisi uliandika, "Huyu ni wewe ukiona wali." Tulichapwa sote wawili kwa kuchafua kitabu, lakini nilikielewa kwa sababu yako.

Basi chuoni kwetu, huku kwenye ualimu wa chekechea, tunasoma hivyo hivyo na hakuna anayechapwa! Mkufunzi anaweka somo mtandaoni, tunalifungua kwenye simu, kila mtu akiwa kwake. Ukigusa mstari unaandika pembeni, na darasa zima linaona. Asiyeandika hapati alama, na bila alama hizo hufanyi mtihani. Mimi nilikuwa nafungua, nasoma "sawa" na "nakubaliana" za wenzangu, nafunga. Nilishamwambia baba Salumu, "Chuo kimenishinda."

Halafu asubuhi moja, huku nanyonyesha, nikajitosa. Lakini ningeanzaje kuongea na watu bila kuwasalimu? Unamjua mama: anakutuma chumvi kwa jirani, ukirudi hujamaliza salamu anakurudisha. Nikaandika: "Shikamoo mkufunzi. Habari za asubuhi wenzangu. Mimi ni mama Salumu wa Itetemia, naomba kuuliza." Mstari uliofuata nikasalimu tena. Na uliofuata. Niliona kila mstari una mlango wake.

Kijana mmoja mcheshi akaandika, "Mama Salumu, unapiga hodi kila mstari! Kwani humu kuna nyumba ngapi?" Wakacheka weee. Nikamjibu, "Cheka ukimaliza, swali langu lijibiwe." Somo lilisema mtoto hujifunza kwa kucheza. Nami nilikuwa nimeuliza: anayeshinda mgongoni mama akilima, anacheza saa ngapi?

Kabula, binti wa Ziba ambaye alikuwa hajawahi kuandika hata neno, akaitikia: "Salama, mama Salumu. Hata mimi hapo nilikwama. Ila kwetu anacheza na sikio la mama." Mwingine akaleta hereni, mwingine nyimbo za shambani. Pembeni pakajaa kuliko somo lenyewe! Mkufunzi akaingia: "Marahaba, mama Salumu. Sasa tunasoma."

Dada, mtihani nimefanya na nimefaulu! Wanafunzi wapya wameingia, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupiga hodi ya kwanza kwenye somo lao. Na wanaitikia!

Nikiwaandikia "Hapa soma polepole", nakuona wewe. Uliishia kidato cha nne ili mimi niendelee, ukaenda Kigoma kuuza dagaa, hujawahi kulitaja. Mimi nalitaja, na usinibishie.

Sasa nitumie: chaja ya hii simu uliyonipa, waya umekatika; dagaa wa kukaanga; kitenge kikubwa cha mgongoni, Salumu amerefuka miguu; na picha ya cheti chako, isomeke vizuri, maana usajili wa chuo bado uko wazi.

Mdogo wako,
fisi wa wali