Usaili wa Ukuta Katikati

Ololosokwan, 3 Machi 2025

Mkwe wangu Bonifasi,

Hamjambo huko Karatu? Binti yangu Nanyokie anakula vizuri? Sisi wazima, mvua imenyesha, ng'ombe wameshiba.

Kambi ya watalii inatafuta mama wa kuwaeleza wageni nyumba zetu kwa Kiingereza. Kazi hiyo naitaka, mwanangu, naitaka kweli! Kuuza ushanga juani nimechoka. Kiingereza cha kuombea maji ninacho, ila maneno yananigeuka: leo "build", kesho "building", leo "decide", kesho "decision". Wewe ni mwalimu. Mila hairuhusu mimi na mkwe wangu tukae chumba kimoja, lakini barua haina macho. Nifundishe.

Mama yako,
Sintamei

Karatu, 11 Machi

Shikamoo mama,

Nanyokie hajambo, anakula kunishinda mimi.

Hilo si gumu. Kitendo kikizaa jina, jiulize: naweza kulishika? "Build" inazaa "building", nyumba, unaigusa. "Decide" inazaa "decision", uamuzi; umo kichwani, haugusiki. "Protect" nayo inazaa "protection", ulinzi. Jizoeze kwa mambo ya nyumbani.

Mwanao,
Bonifasi

Ololosokwan, 24 Machi

Mkwe wangu, salamu nyingi.

Nimeelewa! Nayataja maneno hayo njia nzima ya kisimani, jirani yangu Soila anadhani nimerogwa. Mimi naangalia hivi: kinachoweza kupakwa mavi ya ng'ombe kama kuta zetu, samahani, ni cha kushikika. "Building" napaka. "Marriage" haipakwi, ingawa ndoa nyingine zingefaa kupakwa.

Lakini balaa! Nasikia msaili wa kazi hiyo ya kambini anatoka Karatu, mwalimu Bonifasi. Ni wewe? Nitafunguaje mdomo mbele ya mkwe wangu? Afadhali nijitoe.

Mama

Karatu, 29 Machi

Shikamoo mama, poleni na kazi.

Ni mimi. Waliniomba kabla sijajua kambi ni hiyo. Usijitoe! Nimemweleza meneja wa kambi kuwa wewe ni mama mkwe wangu, na maksi atatoa yeye. Utakaa naye ndani ya nyumba yako, mimi nitauliza nikiwa nje. Heshima itabaki. Ila sikubebi, mama.

Mwanao

Ololosokwan, 13 Aprili

Bonifasi mwanangu,

Ulifika salama? Huku wote wazima.

Siku ya usaili, ulipouliza nyumba hii imewapa nini waliokaa ndani, nilitafuta neno. Meneja kashika kalamu, ananingoja. Nikatazama kitanda alichozaliwa Nanyokie, nikasema: "Protection. Laughter." Ulinzi na kicheko. Kisha nikaongeza "departure", kuondoka. Meneja akauliza kuondoka kwa nani. Nikamwambia, kwa binti yangu, kaolewa na huyo anayeuliza huko nje.

Nawe ukakohoa weee, swali lingine halikuja! Meneja alicheka mpaka moshi ukampalia.

Nimepata kazi. Naanza Jumatatu.

Tangu umwoe Nanyokie tunasalimiana kupitia kwake tu, sauti yako sikuwahi kuisikia. Ni sauti ya upole, mwanangu. Sasa najua binti yangu anaamshwa na sauti gani asubuhi, na moyo wangu umetulia.

Mama yenu