Mistari Miwili Niliyoandika Mwenyewe

Dada mpendwa,

Sisi wazima. Goti linamsumbua mama, ulimi haujambo.

Ile programu ya bure inayomsomea vitabu iligoma kwenye kompyuta yetu kuukuu. Nikarekebisha mistari miwili kwenye faili la maelekezo ambayo kompyuta huyafuata kuijenga, ikakubali. Kompyuta ikazalisha faili jingine kutokana na hilo, nami nikawatumia wenye programu mafaili yote mawili, wengine nao wafaidike: mistari elfu tisa! Mama akatangaza mtaa mzima kwamba yote nimeandika mimi.

Kesho yake msimamizi wao akajibu: “Ndugu, miwili ni yako, iliyobaki ni ya mashine. Nani ataikagua? Tuma ulichoandika mwenyewe. Hilo jingine tutalizalisha huku.”

Aibu iliyonipata! Nikatuma miwili tu, ikapokelewa siku hiyohiyo.

Nikaona nimweleze mama ukweli. Akacheka mpaka machozi. “Miwili inatosha. Hata watoto ninao wawili, na kelele zenu zimenitosha.”

Basi nikajikaza nikamwambia na lile ambalo hata wewe sikukuambia: sipo likizo kama nilivyodai, kazini nimeachishwa tangu mwezi uliopita.

“Najua,” akasema. “Nani huenda likizo akakunja uso hivyo? Nilikuwa nakusubiri useme.”

Mdogo wako,
Kitindamimba