Kilichoota Mkononi

3 Machi

Kaka, shikamoo.

Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima. Figo ulilonipa linachapa kazi kuliko mwenyewe ulivyowahi! Nimerudi karakanani, randa mkononi, mbao zinanukia.

Ila pale kibanzi kiliponichoma, nyuma ya kiganja cha kulia, pameota uvimbe mweusi. Hauumi hata chembe. Nikiubonyeza, unarudi taratibu kama unapumua.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Sisi wazima, usingizi tu umenipaa. Wifi yako anasema kinachouma hujitangaza, kisichouma kina lake. Nenda hospitali, acha ubishi wa kurithi.

Kaka yako

6 Aprili

Shikamoo kaka. Poleni na kazi.

Wameukata. Ndani mlikuwa na nyuzi nyeusi, zimesokotana kama nywele kwenye bomba la bafu. Wakaziweka kwenye kisahani cha maabara, zikaendelea kuota! Daktari alinionyesha: kitu cheusi chenye manyoya, kimejaa hadi kugusa kifuniko.

"Ni kuvu ya kwenye mbao," akasema. "Kwa wengine haifui dafu. Wewe, dawa zinazozuia mwili usilikatae figo zimewalaza walinzi wako."

Leo kimechomoza kinundu kingine juu ya kiwiko. Kaka, kinapanda.

Wananipa dawa ya kuvu, lakini wanataka wapunguze zile za figo ili mwili upigane. Figo laweza kufa. Nimekataa. Ni lako, likipotea, uso nitauweka wapi?

Mdogo wako

12 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Nilitoa figo likuokoe wewe, sikukutoa wewe uliokoe figo! Likifa, lifie kazini. Kubali leo hii.

Kaka yako

10 Mei

Mdogo wangu, hujambo?

Simu yako haipatikani, barua hazijibiwi. Wifi yako ananiambia nile. Andika hata neno moja.

Kaka yako

28 Juni

Kaka, shikamoo.

Usishangae mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Nilikubali. Vinundu vilifika karibu na bega, vikasimama, vikanyauka. Nilikuwa hoi, sikuweza hata kushika kalamu.

Figo lilijitahidi, kisha likazima. Sasa damu yangu inasafishwa kwa mashine. Wanasema hawalitoi, limo tu, kimya, upande wa kulia. Nikilala naliwekea mkono, na ngozi ya pale ni baridi, au naona hivyo mimi.

Siku lilipozima nililia mpaka muuguzi akaja mbio: "Umefiwa na nani?"

Nikamwambia, "Na kaka yangu. Kipande."

Njoo, kaka. Nataka kukuona mzima mzima.

Mdogo wako