Pumzi ya Wimbo wa Tatu

Ijumaa, 7 Machi

Imetoka. Albamu ya Bibi na vijana saba — wengine hajawahi kuonana nao uso kwa uso. Wao walituma sauti zao kwa simu. Bibi alirekodi hapa nyumbani, ndani ya kabati la chumba chetu mimi na yeye, maana makoti hunyonya mwangwi. Kitasa kibovu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nashika mlango. Likizo nzima. Zamani alipiga roki mpaka vioo vikatetemeka, na hadi leo watu wazima humsimamisha njiani. Lakini mimi namjua wa kabatini. Sauti yake ilipenya ufa wa mbao, kavu, taratibu, kama mtu anayekusemesha usingizini.

Sasa nimevaa hedifoni, nimelala chali. Wimbo wa kwanza, mzuri. Wa pili, mzuri. Wa tatu — nimeurudia na kuurudia. Kuna kitu hakimo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekijua. Ni pumzi.

Kabla ya kiitikio Bibi alinyamaza, akavuta hewa ndefu yenye mluzi mwembamba, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Siku ile mikono ilinisisimka pale mlangoni. Kwenye albamu wameikata. Mstari unaungana na mstari, laini kabisa.

Pumzi zikikatwa huenda wapi? Nimewaza hilo nikiosha vyombo mpaka maji yakapoa. Labda zimebaki kabatini, zinaning'inia kati ya makoti.

Mezani Bibi akaniuliza, "Mke mwenzangu, mbona kimya? Umeionaje?" Nikasema bado nasikiliza. Mama akasema ni nzuri sana, akanikanyaga mguu chini ya meza.

Jumatatu, 10 Machi

Shuleni wameipiga mapumziko yote. Monita wetu, ambaye hajawahi kuniita kwa jina, kanishika bega: bibi yako anatisha! Wa dawati la nyuma akasema anasikika kama kafungiwa ndani ya friji. Wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikajichukia hadi kengele ya mwisho.

Mwalimu wa muziki ana santuri zote za zamani za Bibi. Alikuwa anafuta ubao, hakunigeukia. "Wamempiga pasi," alisema. "Nani kawaambia mikunjo ni uchafu?" Nilitaka kumweleza habari ya pumzi. Nikasema, "Ndiyo, mwalimu," nikaondoka. Ndiye mimi huyo.

Jumatano, 12 Machi

Alikuja Mjomba Besi. Si wa damu — alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya Bibi, jina likamganda. Nilidhani atanuna, maana hakualikwa hata kwenye wimbo mmoja. Akasikiliza yote barazani, kofia magotini. Kisha akamwambia Bibi kwamba miaka yote ile hakuwahi kusikia maneno ya nyimbo zake.

"Tulikuwa tunakumeza, dada. Vijana wamekutapika mzima."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kilikuwa kirefu kuliko kicheko. Mama akatokea na maji, sindano na uzi bado mdomoni.

Sasa sijui. Mwalimu ana haki. Mjomba ana haki. Hata wa dawati la nyuma, kidogo. Na wimbo wa saba, pale Bibi na yule binti wa sauti nyembamba wanapokutana, naupenda kweli. Nafumba macho nawaona chumbani ambamo hakuna aliyewahi kuingia, wanapishana bila kugusana. Je, mtu anaweza kupenda na kukosa kitu kwa wakati mmoja? Naona anaweza. Inachosha tu.

Alhamisi, 13 Machi

Ningejua nisingetoka chumbani.

Keshokutwa kuna onyesho la albamu. Prodyuza wa albamu anataka rekodi ipigwe, Bibi afungue mdomo tu. Kama anataka kuimba mwenyewe, aseme kesho jioni. Bibi aliniambia haya akijikuna goti, kama mtu anayezungumzia mvua. "Niimbe, nisiimbe, wewe uniambie. Hawa wengine wamekuta chakula mezani. Wewe ulikuwa jikoni."

Mama alinifuata uani nikianua nguo. Hakufoka. Alisema sauti ya mama yake siku hizi inakatika katikati ya sentensi, na watu wakicheka ukumbini, nani atakayemrudisha nyumbani akiwa mzima? "Mwambie albamu nzuri. Si uongo." Si uongo. Lakini si jibu.

Nimekunja shuka moja mara nne.

Ijumaa, 14 Machi

Nilirudi kutoka shule, Bibi yuko kitandani kwangu, simu mapajani. Nikajifanya natafuta daftari. Akanitazama, kisha akainuka akafungua kabati.

"Leo tubadilishane. Ingia wewe. Mlango nitaushika mimi."

Nimo humu. Naandika kwa mwanga wa ufa. Koti lake la ngozi linanigusa shavu, linanuka dawa ya nondo na moshi wa zamani. Kimya cha humu ni kinene, kinabembeleza. Hapa hakuna anayeniona macho yakiwa mekundu.

Nimesema. Nimesema wimbo wa saba naupenda. Nimesema kwenye wa tatu pumzi yako haimo, Bibi, na hiyo ndiyo niliyokuwa naishikia mlango.



Simu inaita. Ni prodyuza, huo ndio mlio wake. Inaita, inaita. Mbao zinalalamika kidogo, nadhani ameegemea. Halafu nasikia hewa ikiingia, ndefu, na ule mluzi mwembamba mwishoni.

Simu bado inaita. Mlango bado ameushika.