Komeo la Ndani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umerudi salama kutoka zamu, umeinyoosha miguu, na shemeji amekukumbusha kula maana wewe ukishapokea watoto wa watu unasahau tumbo lako. Wanao hawajambo? Yule binti bado anakimbia kitana kama paka anavyokimbia maji? Mimi huku mwili ni mzima, ila usingizi umenihama. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na uimalize kabla hujampigia mtu yeyote simu. Hasa shangazi.

Najua ulipouona mwandiko wangu kwenye bahasha ulikunja uso, ukajisemea, haya, wamemtuma. Hukukosea. Tulikaa kikao kwa shangazi, watu wakajazana sebuleni mpaka wengine wakakalia mikono ya makochi. Wakakubaliana kwamba shangazi magoti yamemchoka, hawezi tena kumnyanyua baba, na kwamba mahali pa baba ni kwako, kwa sababu nyumba yako ina nafasi na kazi yako ni kuuguza. Baba mdogo akasema wewe kukataa bila kutoa sababu ni dalili ya moyo ulioota kutu. Halafu shangazi akanigeukia. Akasema mimi ndiye mwenye kalamu, nikuandikie kitu cha kukulainisha. Kama naweza kuwanyima usingizi watu nisiowajua, kumliza dada yangu mmoja kutanishinda nini? Watu wakacheka, nami nikacheka, nikasema nitaandika.

Hii siyo barua waliyoniagiza.

Ngoja nianzie kwenye riwaya, maana huko ndiko mambo yalikoanzia. Nilikwambia kwenye simu kwamba safari hii naandika juu ya msichana anayekua. Vitabu vya namna hiyo navipenda tangu zamani: mtoto anaingia ukurasa wa kwanza akiwa mtoto, anatoka ukurasa wa mwisho akiwa na macho ya mtu mzima, na msomaji hawezi kuonyesha kidole pale alipobadilikia. Mimi nilitaka kuonyesha. Basi nikamweka msichana wangu kwenye nyumba yenye stoo, na ndani ya stoo nikaweka kitu. Siku atakayoufungua mlango ndiyo siku atakayokua. Niliandika sura baada ya sura, mchana kutwa, chai inapoa mezani, mpaka nikamfikisha msichana mlangoni. Mkono wake ukashika kitasa. Hapo nikakwama.

Mhariri wangu, yule mama ninayemwita Mkasi, alinipigia kunikumbusha kwamba wachapaji wanasubiri. Akataka nimtumie na ukurasa wa shukrani mapema. Akaniuliza, ndani ya stoo kuna nini? Nikamwambia kuna maiti. Akapiga mwayo. Nikamwambia kuna mwanamke asiye na uso. Akasema huyo ameshamkuta kwenye vitabu vya watu wengi, masikini hata uso angekuwa nao ungekuwa umeshachakaa. Kisha akasema jambo lililonichoma. Alisema, "Hivi vyote umeazima. Cha kwako kiko wapi?"

Ndiyo maana nikaenda kwenye nyumba yetu ya zamani.

Siku hizi ni saluni, dada. Sebule yetu imejaa vioo na vikaushio vya nywele, na pale ilipokuwa meza ya baba, aliyokuwa anafungulia saa za watu na kupanga vigurudumu juu ya kitambaa cheupe, pana sinki la kuoshea vichwa. Msusi mwenye saluni ni mwanamke mcheshi, mdomo haupumziki na mikono haipumziki. Nilipomweleza kwamba nimezaliwa pale, akaniambia nizunguke nitakavyo, ila nisishangae chumba cha kulala cha wazazi wangu kuwa ndimo anamonyolea watu kwapa. Nikamwomba kuiona stoo. Akanifungulia huku akilalamika. Alisema mafundi wa zamani walikuwa na akili zao, maana mlango ule una komeo upande wa ndani, tena chini, usawa wa kiuno. Nani anajifungia stoo kwa ndani? Anachunga mchele usitoroke?

Nilicheka naye. Halafu nikaingia, nikaurudisha mlango, na nikachuchumaa.

Komeo ni dogo, kama la dirisha. Limepigwa rangi juu ya rangi, lakini misumari yake bado inaonekana, na hakuna hata mmoja ulionyooka. Si kazi ya fundi. Si kazi ya baba pia, mtu aliyeweza kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta bila mkono kutikisika. Ni kazi ya mtoto aliyeiba nyundo. Nikalisukuma, likaingia mahali pake kwa mlio ule ule.

Nje msusi alikuwa anakwenda na kurudi na ndala zake. Kila zilipokaribia mlango, mwili wangu ulikakamaa. Nilijiambia, wewe mtu mzima, huyo ni mama wa watu anatafuta taulo. Mwili haukunisikiliza. Ndala zikasimama mbele ya mlango. Na hapo nikagundua kwamba nimejiziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka meno yanauma. Nilikaa hivyo, na nikajua kwamba kiganja kile sicho changu. Ni chako.

Unakumbuka Mla-Sauti? Bila shaka unamkumbuka, wewe ndiye uliyemzaa. Jioni mama akiwa bado kwenye zamu yake ya kufua mashuka hospitalini, wewe ulinibeba mbiombio mpaka stoo, ukafunga komeo, ukaniambia Mla-Sauti anapita. Anakula sauti za watoto wadogo, ukilia amekusikia, ukicheka amekusikia. Kitu kimoja tu hakiwezi kumshuka kooni, nacho ni hadithi. Kwa hiyo wewe ulisimulia na mimi nilinyamaza. Ulisimulia visa vya kutisha mpaka vinyweleo vikasimama, na kila mara ulikatiza pale pale utamu ulipokolea, ukasema, kesho. Miaka yote nimewaambia watu kwamba uandishi wangu ulianzia kwenye michezo ya dada yangu stoo. Nimesema hivyo redioni. Nimesema hivyo mbele ya wanafunzi, nikachekesha.

Haukuwa mchezo. Mla-Sauti alikuwa na funguo za nyumba. Alikuwa fundi saa, mtu mpole ambaye mtaa mzima ulimwamini na saa za marehemu wao, na aliporudi nyumbani akiwa amechafukwa hakuvumilia mtoto alie. Na kile kiwiko chako kisichonyooka, ambacho niliambiwa ulianguka ngazini, nikakumbuka nikiwa nimechuchumaa pale kwamba nyumba yetu haikuwahi kuwa na ngazi. Marehemu mama alijua kiasi gani, sijui, na siwezi tena kumuuliza.

Msusi aligonga akauliza kama nimezimia. Nikatoka. Akanipa maji na kiti, akasema vumbi la stoo lina mashetani yake. Nikamshukuru, nikaenda nyumbani, nikaandika sura ile bila kunyanyua kichwa. Ndani ya stoo kuna wasichana wawili, mkubwa na mdogo. Kitu cha kutisha kiko nje.

Sasa nisikilize vizuri, dada. Sikuishia hapo. Sura ile niliichukua nikaenda nayo kwa baba.

Ilikuwa asubuhi, shangazi ametoka, ameacha ujumbe kwa jirani kwamba anarudi sasa hivi. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevalishwa shati jeupe na kufungwa vifungo mpaka shingoni. Mikono yake siku hizi inatetemeka hata akiiweka mapajani. Nilimwamkia, nikamnywesha uji, nikampangusa kidevu. Nikamwambia nimemletea kitu nilichoandika. Akasema nisome. Nikasoma. Nilisoma juu ya nyayo zinazokaribia, juu ya komeo, juu ya dada anayesimulia na mdogo anayezibwa mdomo. Sikuwahi kusoma kitu huku nikiogopa kunyanyua macho namna ile.

Nilipofika mwisho aliniomba nirudie pale penye komeo, nikarudia. Kisha akasema nimekosea mahali pamoja. Nikamuuliza wapi. Akasema nimeandika kwamba komeo ndilo lililowaokoa watoto. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya kumweleza mteja saa yake ina ugonjwa gani, "Komeo lile ningelivunja kwa bega moja. Nilikuwa nasimama pale niingie. Halafu namsikia anasimulia. Nikawa nataka kujua inaishaje."

Dada, alikuwa anakaa chini, sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni, anasikiliza. Aliniambia hivyo mwenyewe. Anakaa mpaka hasira zinamtoka, na ukisema kesho, ananyanyuka anakwenda kuoga. Siku alizokuwahi kabla hujafika stoo, alisema, hizo hataki kuzizungumzia. Sisi tulikuwa upande huu wa ubao na yeye upande ule, na kati yetu hapakuwa na kitu kingine ila maneno ya mtoto ambaye hata matiti alikuwa hajaota.

Halafu akanishika mkono. Vidole vyake bado vina nguvu. Akaniuliza, "Iliishaje?" Nikamwambia sijui, hukuwahi kuimalizia. Akasema, basi ukiwa unamwandikia, muulize. Mwambie baba anataka mwisho.

Nilikuwa sijamjibu geti likafunguliwa. Shangazi ameingia, na nyuma yake dereva wa gari la kukodi. Ndipo nikaelewa kwa nini baba alikuwa amevalishwa shati la kutokea. Shangazi alisema hawezi tena kungoja barua. Wanampakia leo leo, wanakuja kwako bila taarifa, wanamshusha mlangoni na begi lake. Alisema ukishamwona baba yako amesimama kwa fimbo kizingitini hutaweza kumfukuza, wewe si mnyama. Baba alikuwa anatabasamu. Alijua tangu asubuhi.

Begi lilikuwa limeshaingia kwenye buti. Nikatoka, nikafungua buti, nikalitoa, nikaliweka chini, nikalikalia. Ndiyo, nililikalia, katikati ya barabara, mimi na umri wangu huu, majirani wakichungulia. Shangazi alipiga kelele kwamba vitabu vimeniharibu kichwa, kwamba damu ni nzito kuliko maji. Nikamwambia ndiyo maana haitoki kwenye nguo. Nikamwambia mbele ya dereva na mbele ya majirani kiwiko chako kilivunjwa na nani. Shangazi akageuka, akamtazama baba dirishani. Baba hakukana. Alikuwa ameinamia mikono yake inayotetemeka, anaitazama kama saa ya mtu mwingine. Shangazi akakaa chini kwenye ngazi ya mlango, akampungia dereva mkono aondoke.

Basi jambo ninalotaka ulijue kabla ya mtu mwingine kukwambia ni hili: baba haji kwako. Ameingia nyumba ya kutunzia wazee iliyo nyuma ya hospitali, nimempeleka mwenyewe. Ana kitanda karibu na dirisha na mwenzake anayekoroma. Nitakuwa naenda kila Jumamosi kumkata kucha, kwa sababu ni baba yangu na hakuwahi kuniinulia mkono, na najua ni kwa nini hakuwahi. Baba mdogo amenipigia akakohoa sana, mwisho akasema nikusalimie. Yeyote atakayekugongea akidai nimekubali vingine, muongo.

Mkasi amesoma sura ile. Alinipigia akiwa ndani ya gari lake, amefika nyumbani na hajaweza kushuka. Bado anadai ukurasa wa shukrani. Kwenye vitabu vyangu vilivyotangulia nimemshukuru kila mtu, hadi fundi wa kompyuta na paka wa jirani. Safari hii nimekaa mbele ya karatasi tupu nikaona kwamba neno asante ni dogo mno, kama kumvalisha mtu mzima kofia ya kichanga. Nimeandika kwamba msichana wangu alikua siku aliyojua ni nani wa kumwogopa. Mimi nimekua wiki hii, mvi zikiwa zimeshatangulia, nilipojua ni nani wa kumshukuru. Ruhusa ya kukutaja ni yako. Ukisema nisikutaje, sitakutaja; na ukisema kitabu chenyewe kisitoke, nitakiweka kabatini na Mkasi atalia peke yake.

Lile swali la baba sikuulizi. Nilimjibu kule kwenye nyumba ya wazee, nilipokuwa nampandisha kitandani, kwamba mwisho wa hadithi ile si wake. Akanigeuzia mgongo, akalala. Ukitaka kuimalizia, siku moja wamalizie wanao, jikoni kwako, mchana, milango yote ikiwa wazi, na wao wacheke kwa sauti kadiri wanavyotaka.

Nisalimie shemeji, mwambie namheshimu kwa kutokuuliza maswali usiyotaka kuyajibu. Wabusu watoto. Pumzika, dada, angalau zamu moja.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye sauti yake bado.